Mgeni Anakunywa Maji ya Nani? Somo Kuhusu Hoteli za Kando ya Maporomoko

 

Katika mikutano ya vikundi vya bara, kuanzia Likoni, Kisauni mpaka huku kwetu Changamwe, kuna jambo linalorudi kila mara. Mtu husimama akasema: "Wenzetu wana hoteli za wageni kando ya mito na maporomoko, wanapata pesa. Sisi hapa Kipevu tuna hori, tuna mikoko, tuna mitumbwi. Kwa nini tusijenge mabanda?" Wengine wamekwisha kuletewa karatasi na mtu anayetaka kukodi sehemu ya ufuo. Wanaambiwa itakuwa hoteli ya kutunza mazingira, na kwamba watie sahihi upesi kabla mwenye pesa hajakwenda kwingine.

Kupokea wageni si jambo baya. Mzee wetu Ibrahimu, anayeheshimiwa na Wakristo na Waislamu, aliwapokea wageni watatu. Alianza na nini? Maji ya kunawa miguu, kisha kivuli cha mti, kisha chakula. Tukiangalia vizuri, hoteli yoyote ya kando ya mto inauza vitu hivyo hivyo: maji, kivuli na chakula. Tofauti ni kwamba Ibrahimu alitoa vya kwake. Hoteli mara nyingi huuza maji ya mto wa wote na kivuli cha miti ya wote.

Kwa hiyo somo letu tumelifupisha kwa maneno manne tunayotaka kila mwanakikundi ayashike: FUATA MAJI, FUATA SHILINGI. Ukijua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na ukijua shilingi ya mgeni inaishia mfukoni mwa nani, utajua kama hoteli hiyo inatunza mazingira kweli au ni bango tu.

Tutafuata njia yetu ya siku zote: kuona, kupima, kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

Tutembee kwa mawazo mpaka kwenye maporomoko matatu ya Afrika Mashariki. Kila moja lina funzo lake.

1. Nyahururu: maporomoko hutegemea watu wa juu

Wengi wetu tulisoma shuleni habari za maporomoko ya Thomson. Yako Nyahururu, kwenye mto Ewaso Narok, na maji huanguka mita 74 hivi. Jina lilitokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyefika sehemu hizo mwaka 1883. Hoteli ya kwanza karibu na maporomoko ilijengwa miaka ya 1930, na mpaka leo kuna hoteli pale pale ukingoni.

Mgeni akisimama ukingoni huona maji yakianguka, akapiga picha, akaenda kunywa chai. Hayaoni mashamba ya huko juu. Mto ule unapata maji yake upande wa milima ya Aberdare, na karibu na mji kuna kinamasi kinachoyashika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Watu wa juu wakikata miti, wakilima mpaka kwenye kinamasi na kuvuta maji kwa pampu, maporomoko yatapungua nguvu wakati wa kiangazi. Mwenye hoteli anaweza kuwa na vitanda vizuri na mpishi hodari, lakini kitu anachouza kimo mikononi mwa mkulima ambaye hajawahi kuingia katika hoteli ile.

Funzo: hoteli inayopanda maua mlangoni na kuwasahau watu wa juu ya mto haijatunza kitu.

2. Murchison: uzuri wa dunia na mahitaji ya dunia

Nchini Uganda mto Nile unafika mahali unapobanwa na miamba mpaka upana wa mita 7 hivi tu, kisha unaporomoka mita 43 hivi. Mwingereza Samuel Baker alipofika hapo mwaka 1864 aliyaita maporomoko hayo Murchison. Miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro. Hifadhi ya wanyama inayoyazunguka ilianzishwa mwaka 1952, na kando ya Nile kuna hoteli za wageni za kila namna, kubwa na ndogo. Baadhi hutumia umeme wa jua na kujengwa kwa mbao na nyasi.

Sheria ya Uganda inataka asilimia 20 ya ada ya kuingia katika hifadhi irudishwe kwa jamii zinazopakana nayo. Hilo ni jambo jema. Lakini sikilizeni vizuri, kina mama na kina baba: asilimia hiyo ni ya ada ya langoni. Si ya kitanda, si ya chakula, si ya safari ya mashua. Kijiji kinachotaka kupata kitu katika pesa ya kitanda lazima kipatane na hoteli yenyewe, kwa maandishi.

Tena, mwaka 2023 uchimbaji wa visima vya mafuta ulianza ndani ya hifadhi hiyo hiyo, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Uganda. Mafuta hayo yamepangwa kupelekwa kwa bomba mpaka Chongoleani, Tanga. Sisi wa Kipevu tunajua maana ya kukaa jirani na mafuta. Mahali panaweza kuwa na sifa dunia nzima na bado pakaguswa na mahitaji mengine.

3. Bujagali: maporomoko yaliyozama

Karibu na mji wa Jinja, Nile inapotoka ziwa Victoria, palikuwa na maporomoko ya Bujagali. Hayakuwa marefu. Yalikuwa maji ya kasi yanayoruka juu ya miamba, moja baada ya jingine. Kwa Wabasoga palikuwa mahali patakatifu pa wazee. Wageni kutoka nchi nyingi walikuja kupita kwenye maji hayo kwa maboti ya mpira, na kambi, mikahawa na hoteli zikaota kando ya mto. Vijana wa vijijini wakapata kazi ya kuongoza maboti, kupika, kubeba mizigo na kuuza vinyago.

Halafu bwawa la umeme likajengwa. Maji yalipojaa, maporomoko yakazama. Mitambo ya megawati 250 ilizinduliwa mwaka 2012. Biashara ya maboti ikashuka chini zaidi ya mto. Huko nako bwawa jingine la Isimba likazinduliwa mwaka 2019, na sehemu nyingine ya maji ya kasi ikapotea.

Hatusemi umeme si muhimu. Hospitali inautaka, na mtoto anayesoma usiku anautaka. Tunasema hivi: waliojenga maisha yao yote juu ya maporomoko walijenga juu ya kitu ambacho uamuzi wake haukuwa wao. Aliyekuwa na shamba la migomba pembeni alibaki na migomba. Aliyeuza shamba ili afungue duka la vinyago alibaki na vinyago.

Funzo: ule msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone, ni kweli. Lakini mwenyeji asiuze jembe kwa sababu mgeni amekuja.

SEHEMU YA PILI: KUPIMA

Sasa tumfuate mgeni mmoja kwa siku moja katika hoteli ya kando ya mto. Tumwite tu mgeni. Awe Mzungu, awe Mkenya wa kutoka Nairobi, awe padre aliyekuja mafungo.

Asubuhi anaoga. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita 8 mpaka 10 kwa dakika. Akikaa dakika kumi ametumia lita 80 mpaka 100, yaani mitungi minne mpaka mitano ya lita 20. Mama wa Kipevu anajua uzito wa mitungi mitano, kwa sababu anaipanga foleni, anailipia na kuibeba. Maji ya mji wetu wa Mombasa hayatoki Mombasa. Hutoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Kwa hiyo hoteli ikijengwa hapa, mgeni na mama wa kioski watakuwa kwenye bomba moja. Hoteli inayojali huvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa, huweka bomba dogo la mvua, au humpa mgeni ndoo ya maji moto na kopo, na kumweleza kwa adabu kwa nini.

Kisha anakwenda choo. Choo cha kuvuta maji hutumia lita 6 mpaka 9 kila mara. Hapa ndipo pa kuuliza swali ambalo watu huona haya kuliuliza: uchafu huu unakwenda wapi? Kama ni shimo karibu na mto au hori, jueni ya kwamba maji ya bamvua yakipanda, shimo hujaa na uchafu hutoka kwenda kwa samaki, kamba na chaza. Hivyo tunavyovua ndivyo anavyopikiwa mgeni jioni. Mahali pa namna hiyo hufaa tangi lililojengwa vizuri na kufungwa, mbali na maji, au choo kikavu kilichoinuliwa juu ya ardhi. Maji ya kuogea na kufulia yapite kwanza kwenye shimo la kokoto, kisha yanyweshe migomba. Hiyo si teknolojia ya mbali. Fundi wa mtaani anaweza kuijenga akielekezwa.

Mchana shuka zinafuliwa. Zikifuliwa kila siku, maji na sabuni huenda zaidi kuliko zikifuliwa mgeni akiondoka. Chakula kinapikwa. Kwa kuni au makaa yaliyotoka wapi? Banda lenyewe limesimama kwa boriti za mkandaa. Zilikatwa kwa kibali cha Idara ya Misitu, au zilikatwa usiku? Tumeona mabanda yanayosifiwa kuwa ya asili, kumbe asili yenyewe imevuliwa nguo ili yajengwe.

Jioni taa zinawashwa. Jenereta hunguruma na kunywa dizeli. Umeme wa jua ni ghali mwanzoni, lakini jua la Pwani halitumi bili.

Usiku mgeni analala. Hapo tuanze kuifuata shilingi.

Tutoe mfano wa kufundishia tu. Tuseme mgeni amelipa shilingi 5,000 kwa kulala na kula.

Hoteli ya kwanza. Wakala wa safari anachukua 1,000. Vyakula na vinywaji kutoka supamaketi ya mjini ni 1,200. Dizeli ya jenereta ni 500. Mishahara ni 800, na nusu yake, yaani 400, inakwenda kwa wafanyakazi wa kijiji wanaofagia na kulinda. Nusu nyingine ni ya meneja kutoka mbali. Mwenye hoteli anabaki na 1,300. Kikundi kilichokodisha ardhi kinapata 200. Kijiji kimepata jumla ya shilingi 600.

Hoteli ya pili. Wakala anachukua 500, kwa kuwa wageni wengi wanaletwa na parokia, shule na marafiki. Vyakula ni 1,300, na 1,000 kati ya hizo zinanunua samaki, nazi, mchicha na mayai ya wanakijiji. Umeme wa jua na matengenezo yake ni 300. Mishahara ni 1,200, yote kwa watu wa kijiji waliofundishwa kazi. Leseni na kodi ni 500. Akiba ya ukarabati ni 500. Mfuko wa kikundi unapata 700. Kijiji kimepata 1,000 na 1,200 na 700, jumla 2,900.

Mgeni ni yule yule. Kitanda ni kile kile. Bango la nje linaweza kuwa na maneno yale yale. Lakini kijiji kimoja kimepata shilingi 600 na kingine 2,900. Ndiyo maana tunasema mtu asitazame bango.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kutunza nyumba yetu sote, yaani Laudato Si', alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Kwa somo letu maana yake ni hii: hoteli inayolinda miti na kumpunja mpishi haijatimiza, na inayolipa vizuri huku ikimwaga uchafu mtoni nayo haijatimiza.

Je, kuna mahali wananchi wamefaulu? Wapo. Kule Laikipia, jamii ya Il Ngwesi ilifungua hoteli yake yenyewe mwaka 1996 katika ardhi yake. Hoteli ni mali ya jamii, na faida imesaidia masomo na afya. Hapa kwetu Pwani, kwenye hori ya Mida karibu na Watamu, ada wanayolipa wageni kupita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko imechangia karo za watoto wa sekondari wanaokaa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kina mama wa Gazi na kina mama wa Wasini, huko Kwale, nao wana madaraja yao ya mbao; wageni hulipa kupita, kisha hula chakula cha Kiswahili. Gazi na Makongeni wakaendelea mbele: kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kupata malipo miaka ya 2010, wanalinda hekta 117 za mikoko na kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaizuia. Pesa hizo zimeingia katika maji na shule za vijiji. Mwaka 2017 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Angalieni jambo moja kuhusu Mida, Gazi na Wasini. Hawakuanza kwa kujenga vyumba. Walianza na njia ya kupita, chakula, na hadithi ya mahali pao.

SEHEMU YA TATU: TURUDI KIPEVU

Sisi hatuna maporomoko. Tuna hori ya Port Reitz, mkono wa bahari unaoingia ndani mpaka mito kama Mwache na Cha Shimba inapoleta maji matamu. Maji hayo mawili yakikutana, mikoko inastawi, na chini ya mizizi yake samaki wachanga hulelewa. Hiyo ndiyo mali yetu.

Lakini tuseme ukweli bila kujipamba. Kipevu ni bandari. Hapa kuna gati ya mafuta, na mpya ilifunguliwa mwaka 2022. Kuna makontena, kuna mitambo ya umeme, na kuna mahali pa kusafisha maji taka ya bara ya magharibi, ingawa si kila nyumba imeunganishwa. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa na mafuta yakaingia katika hori ya Makupa, mikoko ikafa. Aprili 2005 meli ilimwaga mafuta ghafi bandarini, na mikoko ya Port Reitz ikapakwa nyeusi. Kwa miaka mingi barabara ya Makupa iliyojengwa juu ya kifusi ilizuia maji ya pande mbili yasionane. Mwaka 2022 daraja jipya likafunguliwa ili maji yapate kupita tena.

Kwa hiyo mtu akija na picha ya hoteli ya kifahari kando ya hori ya Kipevu, muulizeni mgeni ataona nini dirishani. Pengine mahali petu panafaa zaidi kuwa pa kuondokea: mgeni apande mtumbwi wetu asubuhi, apelekwe ndani ya hori kwenye mikoko mizima, aonyeshwe jinsi miche inavyopandwa, arudi ale wali wa nazi na samaki, alipe, aende zake kulala mjini. Mradi wa namna hiyo unahitaji mashua salama, makoti ya kuokolea, choo safi, mpishi na mtu anayejua kueleza. Hauhitaji mkopo wa mamilioni. Tena wateja wa kwanza wanaweza kuwa watoto wa shule na jumuiya ndogo ndogo za parokia nyingine.

Na tusisahau historia ya biashara hii. Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliwafukuza wageni Pwani nzima. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ililipuliwa kwa bomu. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga mipaka. Kila mara mpishi na mhudumu ndio waliorudishwa nyumbani kwanza. Mvuvi aliyekuwa bado na wavu wake alikula. Kwa hiyo mradi wa wageni uwe mguu wa tatu wa kigoda, usiwe kigoda chote.

SEHEMU YA NNE: KUTENDA

Kama karatasi imekwisha kuletwa kwenu, msikimbilie kalamu. Mwenye nia njema atangoja wiki nne. Asiyeweza kungoja, mjue hapo pana jambo. Ulizeni maswali haya mkiwa mmekaa wote, wanawake, wanaume na vijana, na katibu aandike majibu.

Kwanza, ardhi ni ya nani? Kwa Katiba ya mwaka 2010, ufuo ulio kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna mtu wala kikundi kinachoweza kuuuza. Mikoko nayo iko chini ya Idara ya Misitu. Kikundi kinachotaka kushiriki kuitunza na kufaidika kinapaswa kupitia chama cha jamii cha misitu na kutia mkataba na Idara, kwa sheria ya misitu ya mwaka 2016.

Pili, sisi ni nani kisheria? Kikundi kiandikishwe chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kiwe na katiba, akaunti ya benki na watia sahihi wasiopungua watatu. Afisa wa maendeleo ya jamii atawaelekeza.

Tatu, wavuvi watapita wapi? Mahali mitumbwi inapofikia paandikwe kwenye mkataba kwa mipaka inayoonekana, sio kwa maneno ya "tutaelewana." Kamati ya ufuo ya wavuvi iwepo mkutanoni. Vijiji vingine vimeamka asubuhi vikakuta ua wa seng'enge na mlinzi, na mama wa kuokota chaza anaambiwa azunguke.

Nne, maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi? Mradi wa namna hii unatakiwa kupimwa athari zake kwa mazingira, na ripoti ipelekwe NEMA. Wananchi wana haki ya kuiona na kutoa maoni. Iombeni, isomwe kwa sauti mkutanoni kwa lugha inayoeleweka.

Tano, shilingi itagawanywaje? Msikubali "asilimia ya faida" peke yake, kwa maana faida inaweza kuandikwa sifuri kila mwaka. Ombeni kiasi fulani kwa kila kitanda kwa kila usiku, kinachohesabiwa kwenye daftari la wageni, na kikundi kiwe na ruhusa ya kulikagua daftari hilo.

Sita, mkataba ni wa miaka mingapi, na ukivunjika nini kinarudi kwetu? Karatasi ya miaka 33 mtatia sahihi nyinyi, lakini watakaoishi nayo ni wajukuu. Afadhali mkataba mfupi unaoweza kuongezwa. Kabla ya sahihi, mpelekeeni wakili ausome. Ofisi ya haki na amani ya jimbo inaweza kuwaonyesha pa kupata ushauri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, nani anabeba maji na nani anaamua yatumikeje? Je, ni mtu mmoja?
2. Hoteli au nyumba ya wageni iliyo karibu nasi inanunua samaki na mboga kwa nani? Tumewahi kwenda kuuliza?
3. Watu wa Bujagali walipoteza maporomoko. Sisi tukipoteza hori, nani ataumia kwanza?
4. Kama tungeletewa shilingi laki tano leo kwa ajili ya ufuo, tungezigawanyaje? Baada ya mwaka mmoja kungebaki nini?

KAZI YA MWEZI HUU

Chukueni kipande cha kadibodi na kalamu ya rangi. Chora ramani ya hori kuanzia mnapoishi. Wekeni alama mahali mitumbwi inapofikia, mikoko iliyo mizima na iliyokufa, mabomba ya maji, na kila mfereji wa uchafu unaoingia baharini. Kina mama wachore yao, wavuvi wachore yao, vijana wachore yao, kisha zilinganisheni. Mtashangaa jinsi watu wa mahali pamoja wanavyoona vitu tofauti. Kisha kikundi kiandike kwa maneno machache sehemu ambayo haitakodishwa kwa bei yoyote. Ramani hiyo na karatasi hiyo zitunzwe na katibu. Siku mtu akija na mkoba na mkataba, mkutano uanze kwa kuzitandika mezani.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa hoteli jembe ni hili: alipe haki, atumie maji kwa kiasi, auache mto kama alivyoukuta. Akikubali hayo, karibu sana, kivuli kipo.